Malkia Taytu: Aliuhamisha mji mkuu kutoka mlimani, akanyimwa kuhama yeye

Na Mwandishi Wetu

MGENI anayewasili Addis Ababa kwa mara ya kwanza, hasa yule aliyezoea joto la Dar es Salaam au Mombasa, hupokewa na mambo mawili: baridi ya asubuhi na ufupi wa pumzi anapopanda ngazi. Mji huo uko kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Akiinua macho kuelekea kaskazini, ataona safu ya milima iliyofunikwa na mikaratusi. Hiyo ndiyo Entoto, yenye kimo cha zaidi ya mita 3,000.

Waafrika wengi huufahamu mji huo kwa sababu ya mikutano ya viongozi. Hapo ndipo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Mei 25, 1963, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya Umoja wa Afrika hadi leo. Ni wachache wanaofahamu kwamba mji huo ulichaguliwa na kupewa jina na mwanamke, na kwamba kabla yake makao ya mfalme yalikuwa juu ya mlima ule, katika mji uliokuwa kambi ya jeshi kuliko makazi ya raia.

Mwanamke huyo ni Malkia Taytu Betul, mke wa Mfalme Menelik II. Dunia humkumbuka zaidi kwa ushujaa wake katika vita vya Adwa vya mwaka 1896. Lakini maisha yake yote, tangu utotoni hadi kifo chake mwaka 1918, yalikuwa maisha ya kuhama kutoka ngome moja ya mlimani kwenda nyingine, akiishi katikati ya askari. Askari hao walimpandisha, na hatimaye ndio waliomshusha.

Binti wa ukoo wa vita

Taytu alizaliwa kaskazini mwa Ethiopia, inakadiriwa karibu na mwaka 1851, katika ukoo uliotawala nchi ya Semien yenye milima mirefu kuliko yote katika taifa hilo. Baba yake mdogo, Dejazmach Wube Haile Maryam, alikuwa mtawala wa Semien na Tigray na mmoja wa watu waliotarajiwa kuikalia enzi.

Tarajio hilo lilikatishwa Februari 1855. Kamanda aliyeitwa Kassa, ambaye hakutoka katika koo kubwa, alimshinda Wube vitani, akamtia kifungoni na kujitawaza kuwa Mfalme Tewodros II. Ukoo wa Taytu ukapoteza nguvu zake, naye akakua akijua kwamba cheo cha kuzaliwa hakimlindi mtu asiye na jeshi.

Mwaka huohuo wa 1855, Tewodros aliivamia pia Shewa, nchi ya kusini zaidi. Akamchukua mateka mtoto wa mfalme wa huko aliyekuwa na umri wa miaka 11. Mtoto huyo alikuwa Menelik. Alilelewa katika mazingira ya mfungwa mwenye heshima, na kwa miaka mingi akakaa Magdala, ngome iliyojengwa juu ya mlima wenye kuta za mawe. Alitoroka mwaka 1865 na kurudi Shewa kudai kiti cha baba yake. Tewodros mwenyewe alijiua Magdala mwaka 1868, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakiivamia ngome hiyo.

Hivyo watu hao wawili, waliokuja kuwa mume na mke, walipokonywa utoto wao na mtu mmoja katika mwaka mmoja. Wote wawili walijifunza mapema kwamba mlima ni kimbilio, na pia ni gereza.

Tofauti na wanawake wengi wa zama zake, Taytu alifundishwa kusoma na kuandika Kiamhari, na alikuwa na ujuzi wa Ge'ez, lugha ya kale ya kanisa. Alitunga mashairi, alipiga kinubi kikubwa kiitwacho begena na alicheza sataranji. Aliolewa zaidi ya mara moja na wanaume waliohusiana na majeshi ya wakati huo, na ndoa hizo zilimpitisha katika kambi nyingi.

Aprili 1883, siku ya Pasaka, alifunga ndoa ya kanisani na Menelik, wakati huo akiwa Mfalme wa Shewa, katika kanisa la Medhane Alem mjini Ankober. Yalikuwa mapatano ya mapenzi na ya siasa pia. Mfalme wa kusini alipata kwa mke wake jamaa na marafiki wa kaskazini, nchi ambayo bila hiyo asingeweza kuitawala Ethiopia nzima.

Kambi juu ya Entoto

Ili kumwelewa Taytu, ni lazima kuelewa mji mkuu ulikuwa kitu gani katika Ethiopia ya siku hizo. Baada ya kufifia kwa Gondar, mji wa wafalme uliojengwa katika karne ya 17, watawala wengi waliishi kwa kuhamahama. Mji mkuu ulikuwa mahali popote lilipopigwa hema la mfalme.

Sababu ilikuwa rahisi. Askari hawakulipwa mshahara wa fedha. Walilishwa na wakulima wa eneo walilopiga kambi, na walikata miti ya eneo hilo kwa kuni na kwa kujengea vibanda. Maelfu ya watu wanapokaa mahali pamoja kwa miaka michache, misitu huisha na maghala ya wakulima hukauka. Ndipo kambi hung'olewa na kupelekwa kwingine, na nchi iliyoachwa nyuma hubaki kama shamba lililopitiwa na nzige.

Menelik alikuwa amekwisha kukaa Ankober, Liche na Debre Berhan kabla ya kupanda Entoto mwanzoni mwa miaka ya 1880. Simulizi za ukoo wake zilidai kwamba wafalme wa kale waliwahi kuishi mlimani hapo. Lakini faida kubwa ya Entoto ilikuwa ya kijeshi. Kutoka juu yake adui huonekana angali mbali, na miteremko yake mikali hulichosha jeshi lolote linalojaribu kuipanda.

Kwa kuishi, hata hivyo, palikuwa mahali pagumu. Upepo ulivuma usiku na mchana. Wakati wa masika mvua ilishuka na radi, matope yakazuia nyumbu wa mizigo, na maji ya kutosha yalipatikana mabondeni tu. Kila gunia la nafaka na kila mzigo wa kuni ulipandishwa kwa mgongo wa mnyama au wa binadamu. Askari waliweza kuvumilia hayo kwa msimu mmoja wa vita, lakini familia zao ziliyavumilia mwaka mzima.

Jambo jingine lilibadilika. Juni 1882 Menelik alimshinda Mfalme Tekle Haymanot wa Gojjam katika vita vya Embabo, na nchi za kusini zenye rutuba zikawa wazi kwake. Hofu ya kuvamiwa ilipungua. Kilichokuwa ngome ya lazima kikaanza kuonekana kama mzigo usio wa lazima, na wa kwanza kulisema hilo kwa vitendo alikuwa malkia.

Ua jipya

Chini ya Entoto, upande wa kusini, kulikuwa na bonde lenye chemchemi za maji moto, ambazo Waamhari waliziita Filwoha. Watu wa ikulu walishuka huko kuoga na kutafuta nafuu ya maradhi ya viungo. Mwishoni mwa mwaka 1886, Menelik akiwa safarini na jeshi kuelekea Harar, mji alioutwaa Januari 1887, Taytu alishuka na watu wake akapiga kambi karibu na chemchemi hizo.

Alipapenda. Baridi ilikuwa kidogo, maji yalikuwa karibu na ardhi ilikuwa tambarare ya kutosha kujengwa. Akaamuru ajengewe nyumba hapo, na mahali hapo akapaita Addis Ababa, maana yake ua jipya. Mfalme aliporejea aliukubali uamuzi huo, akaanza kuwagawia wakuu wake viwanja kuizunguka ikulu mpya.

Uhamisho haukuwa wa siku moja. Kwa miaka kadhaa makao yalikuwa mawili, moja mlimani na jingine bondeni, na shughuli kubwa za kidini ziliendelea kufanyika juu. Baada ya Mfalme Yohannes IV kufa vitani dhidi ya Wamahdi wa Sudan Machi 1889, Menelik alitawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme katika kanisa la Mtakatifu Maria, Entoto, Novemba 3, 1889. Taytu alivikwa taji siku mbili baadaye. Lakini kila mwaka uliopita, watu wengi zaidi waliteremka kuliko waliobaki.

Mahali alipopaona Taytu hapakuwa patupu. Waoromo waliishi hapo kwa vizazi vingi na waliliita bonde hilo Finfinne. Kwao, ua hilo lilimea juu ya mashamba na malisho yao. Ardhi ilipogawiwa majemadari, wenyeji walisukumwa pembeni au wakageuka wapangaji na watumishi katika nchi waliyozaliwa. Kidonda hicho hakijapona. Kati ya mwaka 2014 na 2016 maandamano makubwa yaliitikisa Ethiopia, yakichochewa na mpango wa kuupanua mji huo kuingia katika ardhi ya Oromia.

Mji wenye sura ya jeshi

Ingawa mji ulishuka bondeni, haukuiacha kambi mlimani. Ulishuka nayo. Addis Ababa ilipangwa kama mfalme alivyozoea kulipanga jeshi lake safarini. Katikati, juu ya kilima, ilikaa ikulu, mahali pa hema la mfalme. Kuizunguka walikaa majemadari, kila mmoja katika eneo lake, na kuzunguka nyumba ya kila jemadari vilisongamana vibanda vya askari wake, wake zao, watumishi na mafundi.

Maeneo hayo yaliitwa sefer, neno lenye maana ya kambi. Hadi leo mitaa kadhaa ya Addis Ababa hubeba jina la mkuu wa jeshi au la kikosi kilichokaa hapo. Kati ya kambi moja na nyingine ziliachwa nafasi wazi na mabonde ya mito, ndiyo maana wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliuona kama vijiji vingi vilivyotawanyika badala ya mji mmoja.

Mwenye kuulisha mji huo alikuwa Taytu. Katika ukumbi wa karamu wa ikulu, maelfu ya askari walilishwa kwa zamu, wakubwa kwanza na wadogo baadaye, kwa nyama, mkate wa injera na tej, ambayo ni pombe ya asali. Karamu hizo hazikuwa anasa tu. Askari asiye na mshahara hupima uaminifu wake kwa sahani ya bwana wake. Aliyeshika funguo za maghala, mizinga ya nyuki na majiko alikuwa ameshika moyo wa jeshi, na funguo hizo zilikuwa mikononi mwa malkia.

Kazi hiyo ilipata mtihani mgumu mapema. Kati ya mwaka 1888 na 1892 Ethiopia ilikumbwa na njaa kubwa kuliko zote zinazokumbukwa. Ng'ombe waliingizwa na Waitaliano kupitia bandari ya Massawa wakiwa na sotoka, na ugonjwa huo ukaangamiza mifugo ya nchi nzima. Bila maksai hapakuwa na kilimo. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba theluthi moja ya watu walipotea. Sotoka hiyohiyo ilisonga kusini mpaka ikawafukarisha Wamasai wa Kenya na Tanzania ya leo.

Katika miaka hiyo Menelik alishika jembe kwa mikono yake ili wakuu wake wasione haya kulima, na maghala ya ikulu yakafunguliwa. Mji mpya ulijaa wenye njaa waliotoka mashambani. Wengi wao hawakurudi tena makwao, na hivyo kambi ya askari ikaanza kuwa mji wa raia.

Kifungu cha 17

Wakati nchi imedhoofishwa na njaa, Italia ilikuwa ikijipanua kutoka pwani ya Bahari ya Shamu. Mei 2, 1889 Menelik alitia saini na Waitaliano Mkataba wa Wuchale. Kifungu chake cha 17, kwa Kiamhari, kilimruhusu mfalme kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine akipenda. Kwa Kiitaliano kilimlazimisha. Kwa tofauti hiyo Roma ikaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia imekuwa nchi chini ya ulinzi wake.

Katika mabishano yaliyofuata na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli, Taytu alikuwa na msimamo mkali kuliko washauri wengi wa mumewe. Menelik alikuwa mtu wa kusubiri na kupima. Wanahistoria wanamtaja malkia kama mtu aliyezuia kusubiri huko kusigeuke kuwa kukubali. Mwaka 1893 mfalme aliukataa mkataba huo rasmi.

Septemba 1895 ilipigwa mbiu ya vita, na mwezi uliofuata jeshi likaondoka Addis Ababa kuelekea kaskazini. Kwa namna fulani mji wote uling'oka, kwa kuwa pamoja na askari waliondoka wake zao, wapishi, wasagaji, wachungaji wa mifugo na makasisi. Majeshi ya mikoa yalipoungana njiani, idadi ilifika watu wapatao 100,000. Taytu alikwenda na kikosi chake mwenyewe chenye maelfu ya askari.

Januari 1896 walifika Mekele, walikokuta ngome ya Waitaliano chini ya Meja Giuseppe Galliano. Mashambulizi ya kupanda kuta zake yaligharimu maisha mengi bila mafanikio. Taytu, aliyewahi kuishi mlimani na kujua adha ya kutafuta maji bondeni, ndiye anayetajwa kushauri kwamba ngome isipigwe bali chemchemi yake itwaliwe. Askari wake wakaiteka na kuilinda. Haikuchukua wiki mbili waliokuwa ndani wakasalimu amri kwa kiu, na Menelik akawaruhusu kuondoka na silaha zao.

Machi 1, 1896 Jenerali Oreste Baratieri aliongoza askari wasiozidi 20,000 kulishambulia jeshi la Ethiopia karibu na Adwa. Alishambulia wakati ambapo masurufu ya Waethiopia yalikuwa yakielekea kuisha, na huenda wangelazimika kurudi nyuma kama angesubiri siku chache. Vikosi vyake vilipotezana milimani alfajiri, vikapigwa kimoja kimoja. Taytu alikuwepo uwanjani, akiwahimiza askari walioanza kulegea, huku wanawake wakipeleka maji kwa wapiganaji na majeruhi.

Upande wa Italia ulipoteza watu wapatao 6,000 waliouawa, wakiwamo askari wake wa Kiafrika kutoka Eritrea. Ethiopia nayo ilipoteza maelfu. Ushindi huo ulikuwa na uso wake wa giza, kwani mamia ya Waeritrea waliotekwa walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto kama adhabu ya uhaini. Mateka wa Kiitaliano walitembezwa hadi Addis Ababa, na huko baadhi yao wakatumika katika ujenzi. Oktoba 26, 1896, mkataba mpya uliofungwa katika mji huohuo ulifuta ule wa Wuchale na kutambua uhuru kamili wa Ethiopia.

Kuni zilipoisha

Adwa iliufanya mji wa Taytu kuwa mji wa dunia. Uingereza, Ufaransa, Urusi na Italia zilifungua balozi. Wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarmenia, Kigiriki na Kiarabu wakafungua maduka. Mhandisi Mswisi, Alfred Ilg, alivuta maji kwa bomba kutoka Entoto hadi ikulu. Taytu mwenyewe alianzisha hoteli ya kwanza mjini ili wageni wapate pa kulala. Hoteli hiyo, inayobeba jina lake, iliungua kwa sehemu mwaka 2015 lakini haikutoweka.

Hata hivyo, laana ya kambi ilikuwa bado haijaondoka. Kufikia mwaka 1900 kuni zilikuwa zimekwisha. Miti ya asili ya Entoto ilikatwa yote na wabeba kuni walisafiri mbali zaidi kila mwaka. Menelik akafanya kile ambacho wafalme waliomtangulia wangefanya: akachagua mahali pengine penye msitu, upande wa magharibi, akapaita Addis Alem, yaani dunia mpya, akaanza kujenga ikulu.

Safari hii mji ulikataa kuhama. Mabalozi waliokwisha kujenga kwa mawe hawakupenda kuanza upya. Zaidi ya hapo, mti mmoja wa kigeni ulileta jibu. Mikaratusi, iliyoletwa katikati ya miaka ya 1890, ilikua haraka, na ilipokatwa ilichipua tena. Watu walihimizwa kuipanda, na katika miaka michache mji ukawa umezungukwa na msitu wake wenyewe. Ikulu ya Addis Alem ikageuzwa kanisa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mji mkuu wa Ethiopia ulikuwa na mizizi.

Watanzania, ambao waliona uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma ukichukua zaidi ya miaka 40 kutekelezwa, hawatashangaa kusikia kwamba kuhamisha mji mkuu ni kazi ya kizazi kizima, na kwamba mara nyingi huamuliwa na maji, kuni na nyumba zilizokwisha kujengwa kuliko na amri.

Jeshi lamgeuka

Taytu hakupata mtoto na Menelik. Nguvu yake ilitegemea uhai wa mumewe na jamaa zake wa kaskazini, ambao aliwapa vyeo na kuwaoza katika koo kubwa. Kaka yake, Ras Welle, alikuwa mtawala mwenye nguvu, na mpwa wake, Gugsa Welle, alimwoa Zewditu, binti wa Menelik. Wakuu wa Shewa waliyatazama hayo kwa wasiwasi.

Kuanzia mwaka 1906 Menelik alianza kupatwa na kiharusi, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1909 hakuweza tena kusema wala kutembea. Alikuwa amemtaja mjukuu wake, kijana Iyasu, kuwa mrithi. Katika pengo hilo Taytu ndiye aliyetawala. Aliteua, aliwaondoa watu katika vyeo na alitoa amri kwa jina la mgonjwa aliyekuwa akimuuguza.

Machi 1910, wakuu wa Shewa na maofisa wa jeshi la ikulu walikubaliana kumwondoa. Hapakuwa na vita. Walimjulisha tu kwamba kazi yake kuanzia siku hiyo ni kumtunza mumewe, na kwamba mambo ya nchi hayamhusu tena. Askari waliomwondoa ni wale waliokula katika ukumbi wake kwa zaidi ya miaka 20, katika mji aliouchagua yeye. Lakini viwanja walivyokalia vilikuwa vya majemadari, na amri walizozisikiliza ni za majemadari.

Kwa miaka mitatu na zaidi alibaki ndani ya ikulu akiuguza. Menelik alifariki Desemba 12, 1913, na kifo chake kikafichwa kwa umma kwa muda mrefu. Mjane hakuruhusiwa hata kuombolezea hapo. Aliondolewa ikulu akapelekwa Entoto, kwenye makazi karibu na kanisa la Mtakatifu Maria.

Kurudi mlimani

Hivyo mwanamke aliyewashusha watu kutoka baridi ya Entoto alirudishwa huko akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Majengo ya zamani ya ikulu yalikuwa yameachwa. Kambi zilizozunguka zilikuwa zimetoweka, na mikaratusi ilikuwa ikiota. Kutoka hapo aliweza kuuona mji wote chini, moshi wake wa jioni na kilima cha ikulu.

Siasa ziliendelea bila yeye. Septemba 27, 1916 wakuu wa nchi walimwondoa Iyasu madarakani, wakamfanya Zewditu kuwa malkia mtawala na Ras Tafari, aliyekuja kuwa Haile Selassie, kuwa mrithi. Mwezi mmoja baadaye, katika vita vya Segale, wafuasi wa Iyasu walishindwa. Taytu hakurejeshwa.

Novemba 1917 aliomba ruhusa ya kuhamia Gondar, katika nchi ya kaskazini alikotoka, ili amalizie siku zake huko. Ombi hilo lilikataliwa. Malkia aliye mzee na mjane bado alihofiwa, kwa sababu kaskazini kulikuwa na jamaa zake, na jamaa hao walikuwa na askari.

Alifariki Februari 11, 1918, miezi mitatu baada ya kunyimwa ruhusa hiyo. Leo mabaki yake yamo Addis Ababa, katika kanisa la Ba'ata, pamoja na ya Menelik na ya Zewditu, si mbali na ikulu ya zamani. Ukumbi wa karamu alioutunza umo katika bustani ya ikulu iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 2019.

Katika maisha yake Taytu alihama mara nyingi, na safari moja alihama na mji mzima nyuma yake. Hama moja tu ndiyo aliyoiomba kwa ajili yake peke yake, naye akanyimwa. Mji alioupa jina umekuwa mkubwa kiasi kwamba nyumba zake sasa zinapanda tena miteremko ya Entoto, mlima ambao yeye aliona hauwafai watu kuishi.